Mstari wa Saba

Mistari sita ya ufuta, wa saba mbaazi.
Hivyo ndivyo mkono wa Mama ulivyozoea kuhesabu
nyuma ya ng'ombe wawili, mwezi Mei,
mchanga ungali moto
hata baada ya mvua ya kwanza kuuzaba kofi.

Kaka yangu Thet Zaw alikuwa amesema: yote ufuta.
Bei imepanda. Tajiri wa Pakokku
ametukopesha, anataka mafuta, hataki mboga.
Mama hakubisha. Alizifutika mbaazi kwenye pindo la longyi,
na kila alipofika wa saba alikohoa,
akaziachia zidondoke
kama mtu aliyepotewa na kitu.

Juni ufuta ulichomoka, ukarefuka,
ukavaa maua meupe kama kengele.
Mbaazi kimo cha kidole, imejikunyata,
mgeni wa karamu asiyealikwa.
"Nini hii?" kaka aliuliza.
"Magugu. Nitayang'oa kesho."
Kesho hiyo haikufika.

Julai mbingu ikafunga duka.
Siku thelathini na moja.
Mto Ayeyarwady ulimetameta kwa mbali,
maji tele, ya wengine.
Ufuta ulipauka kuanzia chini,
vifuko vikapasuka kabla ya mundu,
vikamwaga mbegu mchangani,
na sisimizi hawalipi mkopo.

Tulipata madebe tisa. Manane yakaenda Pakokku.
Kaka aliyapeleka, akabaki huko
kubeba matofali.

Mbaazi haikushangilia. Ilikuwa na kazi chini,
ikishona kwa sindano moja ya mzizi
kupita mchanga, kupita changarawe,
hadi kwenye mvua ya zamani
ambayo sisi tulishaimaliza matanga.

Septemba mvua ikarudi, imechelewa, haina haya.
Nafasi iliyoachwa na ufuta
mbaazi iliikunjulia mikono, pole pole,
ikachanua njano, nyuki wakatukumbuka.

Januari tulikata, ukungu ukitutonea shingoni.
Mashina yalikuwa magumu kama kuni,
na kuni yakawa.
Maganda tuliwapa ng'ombe.
Majani yalibaki pale yalipoanguka:
udongo nao, alisema Daw Ohn Yee, mama yangu,
una daftari lake.

Kaka alishuka basi la alfajiri, bila kuitwa.
Alisimama shambani, viganja vimechubuka,
akahesabu visiki:
mmoja, pengo la sita,
mmoja, pengo la sita.
"Magugu," alisema.

Mama akakohoa.