Diski ya Steinvör

Alinipigia saa kumi ya usiku,
ingawa usiku wenyewe haukuwepo:
Mei, kaskazini mwa Aislandi,
jua hulala jicho moja wazi.
"Imegoma," alisema. Hakutaja nini.
Nyuma yake nikasikia kondoo wakilia.

Nikabeba bisibisi ndogo, flashi, soksi za akiba
(kwa Steinvör viatu huvuliwa mlangoni
hata ukija kuzima moto).

Kompyuta ya mapajani ilikuwa juu ya meza ya jikoni
kando ya chupa ya maziwa ya mwanakondoo yatima.
Skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe:
hakuna kifaa cha kuwashia.
Kama mwenye nyumba anayekuchungulia dirishani
na kukuambia hayupo.

Nilianza na mepesi; fundi naye ana woga wake.
Nikachomoa chaja. Nikatoa betri.
Nikabonyeza kitufe nikihesabu hadi thelathini,
Steinvör akihesabu nami kwa sauti
kama anayepokea kondoo langoni.
Tukawasha. Feni ikavuma. Kisha ule mstari.

Nikashuka hadi kwenye mipangilio ya chini kabisa,
pale mashine inapotaja viungo vyake:
kibodi, ipo. Betri, ipo. Diski:
na mbele ya diski, patupu.

Nikainamisha sikio.
Tik. Tik. Tik. Kimya.
Tik. Tik. Tik. Kimya.
Ni mkono wa kusomea huo, unapapasa,
unagonga ukingo, unarudi, unagonga.
"Inapona?" akauliza.
Nikakoroga kahawa isiyo na sukari.

Ndani mlikuwa na miaka kumi na minne:
kila jike na namba yake ya sikio,
nani kapandwa na dume lipi,
nani alikufa na pacha tumboni,
nani asipandwe tena kamwe.
Zizini walikuwa mia mbili na kumi, sitini bado hawajazaa.
Kuhusu nakala nilimuuliza mara moja tu.
Majuto ni mjukuu;
wake alizaliwa usiku ule, uzito gramu mia moja.

Nikafungua skrubu tisa,
nikaitoa diski, nikafuta meno yake kwa kitambaa cha miwani,
nikaifunga kwa waya mwingine,
nikawasha kwa mfumo ulio kwenye flashi.
Ikatokea!
Sikusema kitu. Nikaanza kunakili.
Mwaka wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.
Steinvör nyuma yangu hapumui.
Wa saba. Wa nane. Mstari wa kijani ukatambaa
hadi katikati ya wa tisa,
tik,
ukasimama.

Dakika kumi na moja, basi.
Hatukuiona tena,
hata nilipoigeuza ubavu,
hata nilipoiombea kwa matusi.

Hakulia. Alivaa koti,
akanipa kalenda ya benki ya mwaka uliopita
na penseli iliyotafunwa. "Nyuma ya kurasa. Andika."
Tukaingia zizini.
Alimshika kila mmoja taya, akamtazama machoni:
huyu ni binti wa yule mwenye pembe iliyopinda;
huyu, mama yake alizama mtoni mwaka wa barafu nyingi;
huyu mbaya, anakataa wanawe, lakini sufu yake, ishike.
Asipokumbuka alisema "sijui" waziwazi,
nami nikaandika: sijui.
Nimezihesabu. Ziko thelathini na moja.
Kwenye ya ishirini na tatu jike lenyewe lilianza kuzaa
na penseli nikaiweka mdomoni, nikashika miguu.

Nilifika kwangu saa tano ya asubuhi, nanuka damu na sufu.
Kabla ya kulala nikavuta droo,
nikaitafuta diski yangu ya akiba.
Vumbi. Nakala ya mwisho: miaka miwili nyuma.
Mganga hajigangi, nikajiambia,
nikaichomeka,
nikainamisha sikio.