Gramu Moja na Robo Tatu

Fundi Angolile, pale Mwanjelwa, nyuma ya duka la mbolea,
ameniwekea vichwa vitatu juu ya kitambaa cheusi
kana kwamba anapanga meno ya mtoto.
Usiguse ncha, anasema. Hata pumzi, ielekeze pembeni.

Hiki ni cha sumaku, ndugu wa hicho ulichonacho:
sumaku inacheza, koili imetulia.
Kinasema kwa sauti, hakihitaji mkalimani,
ncha ikiisha unachomoa, unachomeka nyingine, maisha yanaendelea.
Hivi viwili ni kinyume. Koili yenyewe ndiyo ichezayo,
waya wa shaba mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
umezungushwa kwa mkono, chini ya lenzi,
na mtu ambaye siku hiyo, nadhani, hakunywa kahawa.
Kinanong'ona. Ukikiacha hivyo husikii kitu;
lazima transfoma ikiinue, kama mama anyanyuaye mtoto
dirishani awaone wageni.
Na kikichakaa hakina ncha ya kubadilisha.
Kinakufa kizima.

Nauliza bei. Anautazama Loleza, utadhani imeandikwa kule.

Laki tisa na nusu. Transfoma mbali.
Nikapiga hesabu kwa lugha ninayoijua:
magunia kumi na manne ya viazi, tena lumbesa,
hapo deni la mbolea halijatoka, wapakiaji hawajalipwa.
Tupokigwe angesema —
lakini sikumwambia Tupokigwe.

Nenda nacho hiki, fundi akasema. Usiku mmoja.
Mimi siuzi sauti. Utajiuzia mwenyewe, ukiwa umekaa.

Tukuyu, mvua haipigi hodi, ina ufunguo wake.
Nilikaza skrubu mbili, punje za ulezi,
nikapima uzito kwa mzani wa kuazima kwa sonara:
gramu moja na robo tatu.
Ukizidisha, sindano inalima. Ukipunguza, inaruka na kuchubua.
Mikono yangu, iliyozoea jembe, ilitetemeka
kama ya bwana harusi.

Nikatoa santuri ya kwaya ya kiwanda cha chai,
jalada limeliwa na mende kona moja,
upande wa pili, wimbo wa tatu.
Miaka thelathini nawaambia watu: besi ile ni baba.
Kwa sindano ya zamani alikuwa mlima Rungwe usiku,
huoni uso, unajua tu kwamba upo.

Koili ikashuka. Kwanza nikasikia chumba.
Chumba! Ubao wa sakafu, mtu akihamisha mguu,
mwingine akimeza mate, karatasi ikigeuzwa.
Kisha wakaanza, na baba akachelewa.
Nusu pigo tu. Akachelewa tena kwenye kiitikio,
na pale wimbo ulipopanda akanyamaza,
akawaacha wenzake wavuke,
akawangoja ng'ambo.

Nilirudisha mara nne.
Hakuna aliyewahi kuniambia baba alikuwa na woga.

Wimbo ukaisha, mvua ikaendelea batini.
Nikainua mkono wa sindano nikalale,
na mvua ikakatika.
Nikafungua mlango: ukungu, migomba mikavu, mbwa wa jirani.
Ilinyesha kule, siku ile,
wao wakiimba.

Asubuhi Angolile ananiuliza, vipi?
Kinatoa makosa yote, nasema.
Ndiyo kazi yake.
Unapokea kwa awamu?
Akacheka, akachukua kalamu, akaandika jina langu
chini ya jina la mchungaji mmoja ambaye sitamtaja.

Kile cha sumaku sikukiuza. Kimo kabatini, ndani ya kopo la chai,
kwa siku za wageni,
baba awe mlima tena.

Nje, Tupokigwe anahesabu magunia.
Amefika mwisho.
Anaanza upya.