Mstari wa Sita

Hakuna aliyeniambia nidanganye.
Naliweka hilo mbele, maana ndilo watu huuliza kwanza.
Hakuja mtu na bahasha, haikulia simu ya usiku.
Ila asubuhi moja ya Februari, theluji imefika magotini,
Profesa Aavo Rebane aliingia na kisanduku cha machenza,
akasema: Maarika, ruzuku imepita. Miaka mitano.

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.
Mkataba wangu ulikuwa unakwisha Machi.

Kituo chetu cha maadili ya tiba, ghorofa ya tatu,
dirisha linatazama Emajõgi, mto ulioganda kama mafuta ya jana,
kikapata viti, mashine ya kahawa,
na kibao cha shaba mlangoni chenye jina la kampuni,
herufi nyembamba, zenye adabu.
Unakipita mara nne kwa siku.
Kufika mwezi wa pili hukioni tena.
Hapo ndipo chenyewe kinapoanza kukuona.

Mshiriki namba 41 aliendesha lori la magogo.
Kwenye faili hana jina. Mimi nililijua
kwa sababu alikosea mlango akitafuta choo:
Endel Kuuskmaa, kofia mkononi,
anatembea kama mtu anayekanyaga pamba.
"Vidole vya miguu vimelala," alisema,
"tangu vile vidonge vya figo. Nimewaambia wa chini.
Wameandika. Wana kalamu nzuri sana."
Akacheka. Nikamwonyesha choo.

Jioni ile niliandika, ukurasa wa kumi na tisa, mstari wa sita:
*Dawa imeleta ganzi kwa washiriki kumi na mmoja.
Walipaswa kuambiwa kabla ya kuombwa saini ya pili.*

Rasimu ikaenda, ikarudi.
"Imeleta" ikawa "yawezekana inahusiana na."
Ikaenda, ikarudi.
"Ganzi" ikawa "mabadiliko ya hisi."
"Walipaswa" ikawa "ingefaa,"
"ingefaa" ikashuka kwenye tanbihi,
tanbihi ikahamia kiambatisho,
na kiambatisho, kwa kubana gharama za uchapaji
(mwaka ambao hatukujua pesa tuziweke wapi),
kikabaki kwenye kompyuta ya kijana aliyekwisha kuhamia Riga.

Kila hatua ilikuwa na sababu yake.
Ningeweza kuitetea mbele ya wanafunzi.
Nimeitetea.

Husemwa mkono mtupu haulambwi.
Ule uliojaa, je? Nani amewahi kuung'ata?
Na wala haukutuziba mdomo, tuseme haki.
Tulisema sana. Mwaka ule tulitoa makala saba
kuhusu siri za wagonjwa mitandaoni,
mbili kuhusu roboti wodini,
moja, ndefu, kuhusu heshima ya maiti.
Kuhusu bei ya kidonge, hata aya.
Hakuna aliyetukataza. Halikutujia tu,
kama jina la jirani linavyokataa kuja
siku unayomdai, au anayokudai.

Mshahara wa Aprili ulimnunulia Uku, mwanangu,
viatu vya kutelezea barafuni,
vya kwanza maishani mwake visivyo mitumba.
Alilala navyo kitandani. Niandike hilo wapi?
Tanbihi ya ngapi?

Barafu ilipoanza kupasuka nilikutana na Endel
ukingoni, karibu na soko, ana fimbo sasa.
"Aa, dada wa choo!" Akanishika mkono.
"Kile nilichosema. Mliandika?"

Tuliandika, nikamjibu. Na si uongo.

Akatikisa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyelipwa.
Tukasimama tukitazama vipande vikipita,
vyeupe, vinagongana, havina haraka.
Kisha akainua mguu kidogo, kwa haya,
kama mtoto anayemwonyesha mwalimu daftari.

"Hebu nitazamie buti hili," alisema.
"Maji yameingia? Mimi siwezi kujua."

Yalikuwa yameingia.