Baba Anakufa Mara Tatu

Kanda yenyewe tuliinunua Ruwi,
duka la Mhindi, riali moja na baisa mia mbili.
Jalada limeliwa na jua:
mzungu kifua wazi, bunduki mbili,
na nyuma yake helikopta
ambayo ndani ya filamu haimo.
Mna mlio wake tu, na feni inayotimua vumbi.

Mamluki sita wametumwa kumng'oa rais
wa jamhuri ya Kiafrika isiyo na jina.
Jamhuri ni wadi, nyuma ya Ibra.
Msitu wake ni mitende ya shamba la mtu,
na dakika ya arubaini, ukikaza jicho,
ngamia anapita zake,
hana habari na mapinduzi.

Baba alikuwa dereva wa gari la maji.
Wakamtazama, wakaona ana rangi ya jamhuri,
wakampa riali tano kwa siku, na wali.

Mara ya kwanza anafia darajani.
Mara ya pili ndani ya Landrova ileile
iliyokwisha kulipuka, imepakwa rangi upya.
Damu ilikuwa nyanya ya kopo;
wiki nzima alirudi nyumbani ananuka mchuzi.

Mara ya tatu wakampandisha cheo, jenerali.
Mwongozaji akamwambia:
sema kitu, Kiafrika chochote, kwa hasira.
Baba akafikiri. Ilikuwa saa sita, njaa inamuuma.
Akawanyooshea mamluki kidole, akanguruma:

"Ghanima! Epua mbaazi, zinaungua!"

Ghanima ni mama.
Kwa Kiarabu, ghanima ni mali ya vita.
Basi aliyeandika tafsiri chini ya picha
akalishika neno moja alilolijua, mengine akajazia:
"Nyara ni zetu! Washeni moto!"
Moto ukawashwa.
Bastola ya risasi sita ikatoa sitini,
na baba akaanguka taratibu, goti kwanza,
kisha, maiti tayari, mkono ukarudi kuidaka kofia,
maana kofia ilikuwa ya kuazima.

Tulicheka usiku ule hadi jirani akagonga ukuta.
Mama alijifunika kanga usoni,
mabega yanamtikisika.

Sasa baba kafa ya nne,
ile ambayo hakuna anayesema "turudie".
Hospitali, alfajiri, hakunguruma.
Picha zake zimejaa kabatini.
Sauti hatuna, ila hiyo.

Kanda imechakaa, wadi yote inanyesha chenga.
Mama haji kutazama. Yuko jikoni,
mlango kauacha nusu, anaosha vyombo.
Dakika anazijua.
Mamluki wakianza kupanda kilima
anafunga bomba.
Jina lake linapita katikati ya risasi.

Juzi nilimsikia akijibu,
kwa sauti ndogo, bila kugeuka:
"Nshaziepua."