Kutoka ya Kumi na Nne

Zamani nilitoka ya kumi na nne, birika likiwa motoni,
nikafika barabara ya kwanza, nikanunua dagaa, nikarudi
kabla maji hayajachemka.
Ngamiani yote niliihesabu kwa visigino.
Leo safari yangu ni kona ya kumi na tatu,
na najifunga kanga kama mtu aendaye Korogwe.

Mhina, kijana wa viungo pale Bombo,
alinibonyeza goti kama anayechagua papai, akasema:
"Bi. Mwanahija, ukifika mahali roho inatamani kuendelea,
hapo ndipo pa kugeuza."
Nilimcheka.
Nani kati yetu alifundishwa kugeuza angali anaweza?
Nikapita ya kumi na mbili, ya kumi na moja,
nikajiona mwari.
Nililipa siku nne kitandani, na riba juu.

Uchovu huu si ule wa kazi.
Ule ulikuwa na adabu: ulikula, ukalala, alfajiri ukaaga.
Huu umehamia na mkeka wake.
Naamka, naukuta umeshaamka.

Basi tunaishi kwa hesabu.
Kiti cha mbao, nimekiegemeza ukutani kisiteleze:
kuinuka, kukaa, kuinuka, kukaa.
Mara nne. Ya tano namwachia kesho.
Chupa mbili ndogo za maji, moja kila mkono,
nazipandisha hadi begani kama wajukuu pacha
wasiolia.
Baridi yabisi imenivimbisha vidole, pete ilikatwa na sonara;
ngumi yangu inafunga nusu.
Nusu inatosha kushika chupa.

Na siku mbaya zipo, usidanganywe,
siku shuka lina uzito wa mzigo wa katani mbichi.
Siku hizo nalala chali, mguu juu,
kifundo kinaandika hewani.
Mhina alisema herufi zozote.
Za Kiarabu nimekataa, alifu haiandikwi kwa unyayo.
Naandika zile nilizowafundisha wakata mkonge wa Pongwe,
usiku, kwa karabai, mwaka wa sabini na tatu,
watu wazima, viganja vimechanwa na miiba,
wakivunja chaki kwa woga:
a, e, i, o, u.
Polepole, niliwaambia, kalamu si panga.
Sasa mguu wa kushoto ndiye mwanafunzi wangu wa dawati la nyuma.
U yake ni bakuli lililopasuka.
Nampa vema.

Kona ya kumi na tatu yuko Bwana Shekue, fundi saa,
mapafu yake yana filimbi.
Yeye hutembea milango mitatu ya maduka, akashika nguzo,
akarudi milango mitatu.
Juzi nilikuta kiti cha pili kibarazani.
"Cha nani?"
"Cha nani tena," akajibu,
akikaza skurubu ambayo haikuwa imelegea.
Wapitao wanasema. Waseme.
Sisi tunapumua.

Jana sikufika. Nilimtuma Riziki, mtoto wa jirani:
mwambie leo naandikia kitandani.
Akarudi anahema kwa mbio, mbio za bure za watoto,
"Anasema uandike na jina lake."

Jina refu hilo kwa mguu mmoja.
Nilifika kwenye e, nikatamani kuendelea.
Nikageuza.