Eksi ya Boksi la Feni

Tulikata kipande kutoka boksi la feni,
Bupe akakichora kwa rangi yake ya kucha:
eksi moja, nyekundu, mikono imepinda.
Akakiweka katikati ya meza,
kati ya sahani ya kashata
na simu zilizolala kifudifudi.

Shomvi akacheka. "Si ndiyo ile ya Kimara?
Kesho asubuhi katapila linaingia sebuleni!"
Tukacheka wote, maana wote tunazijua
kuta zilizochorwa jioni,
na wiki iliyofuata ni kifusi.

Mimi ndiye msimulizi. Tabata Segerea, kila Jumamosi.
Mchana nauza vipuri vya pikipiki;
usiku nina himaya ya watu wanne
na daftari la kaunta lililojaa majoka na madaraja.
Ile eksi sikuipenda.
Nilisema mchezo ni mchezo,
mtu mzima haogopi maneno.
Nilisema hivyohivyo mwaka juzi,
kabla Nuhu hajaomba kwenda msalani
akapitiliza mlango wa nje.
Dadu zake za kijani ninazo, kwenye kopo la siagi.
Nilimpigia. Alisema yuko bize.
Mpaka leo yuko bize.

Basi. Kabla ya kuanza, kila mmoja kikaratasi chake:
kitu gani kisiingie humu. Bila jina.
Nikavikunjua chini ya taa.
*Mende*, na mstari chini yake.
*Mtoto asife*, kwenye viwili,
miandiko tofauti.
Na kimoja kitupu.

Tukacheza. Wakavuka msitu, wakamhonga mlinzi wa geti,
Shomvi akauza upanga wake akanunua punda,
LUKU ikaisha, tukawasha tochi, tukaendelea.
Kisha wakafika mtoni.

Huo mto niliuandaa siku tatu.
Nikaushusha taratibu: kwanza ngurumo za mbali,
halafu maji, rangi ya chai ya maziwa,
godoro linapita, mlango unapita,
na juu ya paa sauti inaita jina la—

Kidole cha Tunu kikagusa kadi.
Hakikupiga. Kiligusa tu,
kama mtu anayejaribu pasi kama imeshika moto.

Nikabaki mdomo wazi,
sentensi yangu nzuri nusu ndani, nusu nje.
Hakuna aliyeuliza kwa nini.
Hiyo ndiyo kanuni yote, haina ibara ya pili.
Tunu alihamia huku akitokea bondeni, Jangwani.
Hilo nalijua. Mengine siyadai.

Nikameza mate. "Mto umekauka," nikasema,
"miaka saba haujaona tone.
Katikati ya mawe kuna mtu kaketi kwenye kigoda,
anatoza nauli ya kivuko."
"Kivuko gani na maji hakuna!" Shomvi akafoka,
na Tunu, Tunu yuleyule,
akavuta kiti mbele, akarusha dadu,
ikajiviringisha mpaka ukingoni, ikasimama kwenye ishirini.
Akabishana bei na mtoza nauli
hadi mtoza nauli akatoa machozi,
kisha akamlipa
kwa punda wa Shomvi.

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Saa sita kasoro, na hakuna aliyetafuta viatu vyake.

Mzaha mzaha hutumbua usaha, waliosema walisema;
nani anashika pamba na spiriti, hawakusema.
Ule mto wangu bado umo daftarini, kurasa nne.
Punda ndiye wanayemsimulia.

Nimebaki peke yangu, nazoa makombo ya kashata.
Eksi ya Kimara husema: humu hamna mtu, bomoa.
Hii imebanduka kidogo pembeni, ina alama ya kidole.
Nimeipiga picha, nimemtumia Nuhu:
"Jumamosi saa moja. Dadu zako zipo. Na hii ipo."

Ameiona.
Anaandika.
Ameacha.
Anaandika.