Kadi ya Kliniki

Muuguzi anauliza bila kuinua macho:
Mimba ya ngapi?
Ya nne.
Watoto walio hai?
Kalamu inasubiri juu ya kisanduku
na mimi nakutazama kwanza, Subilaga,
kifua chini ya sweta, kinapanda, kinashuka,
ndipo nijibu: mmoja.

Miaka saba Tukuyu ilinyesha, mimi nikawa mkavu.
Ndivyo walivyosema kwenye mizani ya majani ya chai,
wakidhani mvua inaziba masikio.
Baba yako alipeleka ng'ombe mmoja kwa mganga,
mmoja kwa daktari wa Mbeya.
Hakuna aliyerudisha hata kwato.

Wa kwanza alikuwa tone. Nilifua shuka, nikaenda kuchuma.
Wa pili hakuna aliyenipa pole,
maana hakuna aliyeambiwa.
Wa tatu alikuwa na vidole.
Bibi yako alimfunga kwenye kipande cha kitenge,
akamlaza chini ya mgomba, nyuma ya nyumba,
bila jina, bila matanga,
akarudi kuniinjikia uji.
Mwaka uliofuata mgomba ule ulizaa mkungu
wa kuegemezwa nguzo mbili.
Sikuula. Nilimuuzia mwenye Fuso,
na pesa ile sijaigusa mpaka leo.

Kisha wewe, uliyetanguliza miguu.
Kiwira ukungu, Isyonje ukungu,
dereva ametoa kichwa dirishani akiitafuta barabara,
nami nimeshika chuma cha kitanda
nikiomba, wala si uzima,
nikiomba Uyole.
Tufike Uyole tu.
Nakumbuka taa. Nakumbuka mtu akiuliza, damu nyingine ipo?
kwa sauti ya anayeulizia chumvi.
Sikumbuki ulivyolia.
Waliokuwepo wanasema hukulia.

Siku ya tatu waliniwekea kifuani kitu cha moto:
Mama, mshike mwanao.
Nikakushika kama mzigo wa abiria mwingine,
nikingoja mwenyewe aje.

Wanawake walileta maziwa, mkaa, vigelegele.
Sasa sahau, walisema, si umepata?
Nimepata.
Ila mshono huijua baridi kabla yangu,
na gari likipanda kilima usiku
naamka nimeshika chuma cha kitanda
kisichokuwepo.

Mwezi wa saba, asubuhi moja, ulikuwa ukinyonya.
Ukaliachia titi, ukanikazia macho,
ukapiga chafya.
Basi.
Nikacheka peke yangu jikoni mpaka paka akatoka nje.
Nilitazama mlangoni.
Hakuna mwenyewe mwingine aliyekuja.

Muuguzi anapiga muhuri.
Mimba: nne. Walio hai: mmoja.
Hakuna kisanduku cha mgomba.
Nakunja kadi, nakufunga mgongoni, natoka mvuani.
Hatua kumi, nasimama,
napeleka mkono nyuma,
joto lipo,
natembea.